Kombe la Bi Esha

Kilwa Kivinje,
11 Februari 1952

Kwa binti yangu Mastura, somo wa marehemu mama yangu, ndiyo maana kila nikikuandikia sijui nikuamkie au nikuitikie. Chukua marahaba, na ukiona haitoshi ongeza shikamoo. Mkwe wangu Bakary mpe salamu za heshima, zile ndefu, utazipanga mwenyewe.

Hapa sote wazima, hata mguu wangu wa matende, nao mzima kupita kiasi, unanenepa kama mwari aliyefungiwa ndani. Biashara yangu ya samaki wa ng'onda imelala. Jirani yetu Kijakazi ananiletea chakula kila mchana, na kila mchana ananihubiria kwamba mume mwema angepanda meli pamoja na mkewe mgonjwa. Nimemwambia wenye meli wangenitoza nauli ya watu watatu: mimi, mguu, na mdomo wangu. Hakucheka. Tangu mama yako aondoke wanawake wa mtaa huu wamesahau kucheka. Paka wa mama yako naye ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemuuza.

Barua yako imefika. Nimesoma kuwa daktari wa huko amempapasa mama yako tumbo akasema ini limevimba, na amemlaza. Mwambie mama yako kuvimba si kitu. Mimi nimevimba miaka ishirini na miwili na bado naudhi watu. Mwambie pia asikizoee kitanda cha chuma cha serikali, maana kwetu ni kamba zile zile.

Umeniuliza nitakuja lini. Karatasi imekwisha.

Baba yako,
Pazi bin Nassibu


Lindi,
27 Februari 1952

Baba yangu mheshimiwa, shikamoo. Nakujulisha kuwa Bakary hajambo na kazi yake ya ukarani haijambo, wajukuu zako wazima, yule mdogo ameota jino la pili na anamng'ata kila anayembeba. Mimi sijambo kiasi cha kusimama.

Mama hajambo kwa kusema tu. Maneno yako nimemfikishia. Ya mguu yalimfanya atabasamu, ya kitanda alisema ni kweli, kamba zile zina kunguni. Daktari alimwita Bakary pembeni akamwambia hawezi kumpasua. Atampa dawa ya kutuliza maumivu, na sisi tumwombe Mungu. Niliposikia nilikasirika, baba. Daktari akikuambia uombe Mungu, ujue yeye ameshafunga kabati lake.

Basi tunaomba. Ijumaa tulisoma Yasini hapa nyumbani, wanawake walijaa hadi uani. Yuko nesi mmoja, Apolonia, Mkatoliki wa kule milimani. Aliniomba ruhusa amwombee mama kwa njia yao. Mama akasema, "Mwache, mwanangu. Huyu ndiye anayenigeuza."

Sasa mama anataka kombe. Waandishi hapa Lindi wako tele, Bakary ameshaleta wawili na wote amewakataa. Anataka la Mwalimu Abdulrahmani wa huko, kwa kuwa alisomeshwa na babu, Mwalimu Mfaume, na mama anasema mkono wake ni mkono wa nyumbani. Nakuomba uende kwake na ile sahani nyeupe kubwa. Aandike aya za shifaa kwa zafarani, uiache ikauke vizuri, uifunge, umpe dereva wa lori la posta kabla mvua hazijafunga njia. Mimi nitaiosha kwa maji ya waridi nimnyweshe mama hapa hapa.

Baba, hukunijibu utakuja lini.

Mwanao mtiifu,
Mastura


Kilwa Kivinje,
8 Machi 1952

Mama Mastura, marahaba sana, na mng'ataji mpe salamu zangu, amerithi meno ya bibi yake.

Sahani ndiyo hiyo. Nimeizungushia kanga, juu na chini makumbi ya nazi, hata lori likianguka itabaki nzima. Dereva anapiga honi, siwezi kuandika mengi. Mwalimu ameandika, zafarani yote imeishia humo. Ukiona mistari imepinda usishangae, mwalimu ni mtu mzima. Usiizungushe kwa watu. Kombe likitazamwa na macho mengi hupoa. Ioshe, mnyweshe, basi.

Baba yako


Lindi,
22 Machi 1952

Baba, shikamoo, na baada ya shikamoo nataka kukuambia Alhamdulillahi kabla sijataja jambo lingine lolote.

Sahani ilifika salama. Kabla sijaiosha mama aliniomba aishike. Akaizungusha polepole kuanzia ukingoni hadi katikati, kama mtu anayetafuta ufa. Halafu akacheka. Alicheka mpaka Nesi Apolonia akaja mbio akidhani ni maumivu. Machozi yalimtoka, akafuta kwa ncha ya shuka, akasema, "Mwalimu Abdulrahmani uzee umemharibu mkono." Akanirudishia sahani niioshe, akanywa bakuli zima bila kubakisha tone.

Jioni ile alikula uji wa mchele, akauliza kama papa yupo. Kesho yake aliketi. Siku ya nne tulimtoa barazani, akaanza kuwasema wauguzi kwa kufagia vibaya. Daktari amempapasa tena, akatikisa kichwa, akasema hajui. Nilifurahi kusikia kwamba hajui, baba. Bakary, ambaye alikuwa akisema makombe ni mambo ya kale, juzi nilimkuta anasali sunna.

Habari zimeenea. Mtu ametoka Milola kwa miguu kuulizia kombe la Kivinje kwa ajili ya mwanawe. Tafadhali mwombe mwalimu aandike mengine matatu, yote ya mama. Wengine tutawafikiria baadaye.

Mwanao mwenye furaha,
Mastura


Kilwa Kivinje,
3 Aprili 1952

Mama, marahaba. Barua yako nimeisoma mara nne, ya tano nimemsomea Kijakazi, naye akasahau kunihubiria. Alfajiri ya siku ya pili yake nilikwenda msikitini. Imamu aliponiona mlangoni akadhani nimefuata makubadhi ya watu. Nimekwenda siku tisa sasa, na wamekubali kwamba ni mimi.

Huyo mtu wa Milola mrudishe kwao kwa upole. Mwambie mwalimu haandikii watu asiowajua. Na matatu hayapatikani. Napeleka moja tu, ila hili ni kombe hasa. Mwalimu ameliandika mbele ya macho yangu, nimekaa nikimtazama tangu Bismillahi hadi mwisho, mstari haukupinda hata mmoja. Ikiwa lile la kwanza lilimketisha, hili litamsimamisha limtembeze hadi Mingoyo na kurudi.

Usiniulize kwa nini nasema hasa.

Njia imeanza kuharibika, lori lilichelewa siku tatu. Mwambie mama yako papa wapo, lakini wanaliwa huku.

Baba yako,
Pazi


Lindi,
16 Aprili 1952

Baba, shikamoo. Watoto wazima. Bakary mzima.

Kombe la pili lilifika. Mama alilishika kama lile la kwanza, lakini hakulizungusha. Alilitazama kidogo tu, akauliza, "Baba yako hajambo?" Nikamwambia hajambo. Nikaosha, akanywa kwa adabu, akaniomba nimgeuze, akaelekea ukutani.

Tangu hapo hajala, baba. Macho yamekuwa ya manjano. Miguu imevimba, na tumbo limekuwa gumu. Nesi Apolonia ameacha kuniambia kesho atakuwa nafuu. Anaomba kila akiingia zamu na kila akitoka, lakini siku hizi ananikwepa macho.

Nimefikiri sana. La kwanza lilimsaidia, la pili halikumsaidia, na mwandishi ni mmoja. Pengine zafarani ya pili ilichanganywa na bizari. Pengine aya zilikuwa nyingine. Nakuomba umuulize mwalimu aliandika nini katika sahani ya kwanza, aya kwa aya, uniandikie upesi. Nitamtafuta mwandishi hapa aandike vile vile. Tumeshikilia hilo tu, baba. Niambie aya.

Mastura


Kilwa Kivinje,
24 Aprili 1952

Mastura, marahaba. Habari za hapa nitaziacha.

Aya hakuna.

Siku ile nilikwenda kwa mwalimu na sahani yangu, nikaambiwa amevuka Kisiwani kumzika shemeji yake. Dereva alisema anaondoka saa nane na hajui kama atarudi tena kabla ya kiangazi, na mawingu mwenyewe nimeyaona. Nikarudi nyumbani, nikaloweka zafarani, nikachonga kalamu ya mwanzi. Niliandika Bismillahi, na hiyo ni sahihi, Mungu shahidi. Kisha nikatafuta aya za shifaa kichwani. Hazikuja. Unajua nilikimbia chuo cha babu yako kabla ya kumaliza juzuu ya Amma. Kila siku nilichapwa bakora, kwa sababu ubao wangu ulikuwa magotini na macho yangu uani kwake, alikokuwa mama yako akipepeta mchele.

Sahani ile ni kubwa, mwanangu. Ilinitazama. Basi nikaandika Kiswahili kwa herufi za chuo, kilichokuwemo moyoni. Niliandika hivi: Esha binti Mfaume, paka wako amezaa watoto wanne ndani ya sanduku lako la nguo, juu ya ile buibui mpya. Nimewaambia mwenye sanduku akirudi watajuta. Hawaamini. Rudi uwafukuze mwenyewe, mimi nawaogopa. Ndivyo nilivyojaza mpaka ukingoni. Nilidhani zafarani ikishaoshwa haisemi.

Ulipoandika kwamba ameketi, nilikwenda kumwungamia Mwalimu Abdulrahmani. Alimaliza kahawa yake, akasema, "Pazi, hata Ibilisi huandika kwa mpangilio." Ndipo akaandika la pili kwa mkono wake. Hilo ndilo la haki, na halikusaidia. Sasa mimi sijui nikuambie nini. Sikukusudia kuchezea dini. Kama ni dhambi ni yangu, nimemwomba Mola anijie mimi huku, anwani anaijua, asimfuate yule kitandani.

Pazi bin Nassibu


Kilwa Kivinje,
5 Mei 1952

Mastura, marahaba, kwa shikamoo ambayo sijaipata.

Posta imekuja mara mbili. Kwa sasa mifuko inavushwa kwa mtumbwi pale Mbwemkuru, kwa hiyo njia ipo, na barua yako haimo. Nimemwambia karani apekue tena. Amepekua, amenionyesha mfuko mtupu, akaupindua nje ndani.

Nitukane, mama. Andika tusi moja tu kwenye karatasi, nione mwandiko.

Baba yako


Lindi,
6 Mei 1952

Baba, shikamoo.

Sikuandika kwa sababu maneno niliyokuwa nayo mtoto hamwandikii mzazi wake. Nilimwambia Bakary kwamba umemnywesha mama yangu paka wanne. Akatoka nje. Nadhani alitoka kucheka, na sijamsamehe. Wanawake arobaini wamesoma Yasini, mimi nimesujudu mpaka paji limechubuka, watu wamesema Mungu amejibu, na kumbe nilikuwa nashukuru kwa ajili ya sanduku la nguo.

Juzi mama aliniuliza kwa nini siku hizi hapati salamu zako. Nikajaribu kuficha, nikashindwa, nikalia, nikamweleza yote. Akanishika mkono. Alisema, "Najua. Nilisoma."

Baba, umeishi na mtoto wa Mwalimu Mfaume miaka thelathini na minane ukasahau kuwa amehitimu msahafu kabla hujamposa? Anazisoma herufi zile vizuri kuliko wewe unavyoziandika. Akaniambia aya za shifaa anazo kifuani, anazisoma mwenyewe kila siku, na la mwalimu alilinywa kwa heshima ya baba yake. "Lakini barua ya mume wangu sikuwahi kupata. Tulikuwa nyumba moja, angeniandikia nini? Hiyo ndiyo ya kwanza. Mwambie aandike nyingine, na hii ailete mwenyewe."

Sijui niamini lipi. Sijui kama Mungu alikuwamo katika sahani ile au hakuwamo. Nimemuuliza Nesi Apolonia, akasema yeye ni mtu wa kubeba beseni, mambo hayo hayawezi. Ninachojua ni kwamba daktari amesema kama yuko mtu wa kuitwa aitwe.

Mara ya tatu nakuuliza, baba. Utakuja lini?

Mastura


Mto Mbwemkuru, upande wa Kilwa,
16 Mei 1952

Mastura mwanangu, marahaba.

Niko hapa siku ya nne. Lori lilinifikisha mtoni likageuza. Daraja la miti limekwenda na maji, kilichobaki ni nguzo mbili. Mwenye mtumbwi ni Mfaume, jina la babu yako, na ukali ni ule ule. Anavusha mifuko ya posta na watu wembamba. Mimi alinitazama mguu, akatazama mto, akaniambia nikae. Kila asubuhi namwamkia, kila asubuhi ananiambia nikae. Nimemsihi, nimemtania, nimemlilia. Anasema maji hayajui utani.

Sahani nyingine nilikuwa nayo, nimeiandika usiku mzima kabla ya safari. Mvua ilitukuta juu ya lori. Zafarani yote imeteremkia kwenye kanzu, kombe sasa ni mimi, mtu akinikamua atapona. Sahani imebaki nyeupe.

Uliuliza mara tatu nitakuja lini, nikakujibu habari za karatasi na za mguu. Mguu ungebebeka. Niliogopa kumwona amelala, Mastura. Mimi namjua akiwa amesimama mlangoni, mkono kiunoni.

Natuma barua hii na mifuko ya posta, labda itafika kesho kutwa. Maneno ya sahani ni haya, msomee wewe, usiruke neno:

Esha binti Mfaume. Niko ng'ambo ya mto. Nyumba imekuwa kimya, nasikia mguu ukinenepa. Ulicheka siku baba yako aliponichapa, na kesho yake nikarudi nikachapwa tena. Haikuwa kwa ajili ya kusoma. Hilo sikukuambia, nilidhani umeliona. Usiondoke kabla sijavuka, huo utakuwa utovu wa adabu, na wewe ni mtoto wa mwalimu.

Pazi


Lindi,
19 Mei 1952

Baba yangu mpenzi, shikamoo.

Barua yako ilifika jana adhuhuri. Nilikwenda nayo hospitali nikiwa bado na unga mikononi. Nilimsomea mama sikioni, neno kwa neno, Nesi Apolonia akatuzibia pazia. Hakufungua macho. Nilidhani hasikii, nikaisoma tena. Nilipofika pale uliporudi kuchapwa, midomo ilicheza. Nikainama. Alisema, "Mwongo huyo. Alikuwa anafuata mapera yetu."

Alisema hayo tu, na baadaye hakusema kitu kingine.

Wanaume wamerudi kutoka makaburini sasa hivi, wananawa miguu uani. Bakary ndiye aliyeingia ndani ya mwanandani kumpokea, kwa niaba yako. Tumekubaliana tanga halianuliwi mpaka ufike. Kwa hiyo usigombane na mwenye mtumbwi, baba. Maji yakipungua uje polepole, angalia mguu. Hakuna haraka tena.

Mwanao,
Mastura


Mto Mbwemkuru,
22 Mei 1952

Mwanangu Mastura,

Barua ameniletea Mfaume kwa mkono wake, na sijui nani alimwambia kilichomo, maana aliitoa kwa mikono miwili.

Mapera yale yalikuwa machungu. Mtu hawezi kuchapwa kwa ajili ya mapera yale. Nilitaka kumjibu hivyo.

Maji yamepungua. Mfaume amekuja asubuhi, amenishika kwapa, akasema leo mtumbwi utaniweza, mguu na vyote. Nikamwomba anisubiri kidogo. Sasa jua limepita utosini, yuko ndani ya mtumbwi na kafi magotini, ananisubiri.

Nitavuka, mama. Mwambie Bakary Mungu amlipe. Ila niache nikae hapa kidogo. Upande huu wa mto mama yako bado anaumwa.

Baba yako